Tundu la Chini

Mtu akiniuliza ninafanya kazi gani mwaka ule, nilikuwa nacheka kwanza. Naziba nyumba ya barafu isivuje! Ilikuwa kibanda cha mawe kilichozama nusu kilimani, kando ya ziwa, mwendo wa basi kutoka kwangu Jordbro, huku Uswidi. Zamani watu walihifadhi humo barafu, kabla ya friji. Mwenyewe, mzee Mswidi, alitaka kitumike tena. Tulitandika maganda ya miti juu ya paa, tukapaka lami, tukarudishia udongo na majani. Mwezi wa pili, ziwa likiwa limeganda, tukakata mabonge ya barafu, tukayafukia kwenye pumba za mbao yasiyeyuke.

Nikamwomba mzee bonge moja liwe la mama.

Mama aliuza barafu sokoni Tanga utoto wangu wote, lakini ya kiwandani. Hajawahi kuona ziwa limeganda. Alikuwa ameomba viza ya kunitembelea mwezi wa saba, na mwezi wa saba hapa hakuna hata theluji ya kumwonyesha. Nikaona basi, nitamtunzia bonge lake mpaka afike.

Mwezi wa tano nikafungua mlango, nikakuta pumba zimelowa chapachapa na mabonge yamekonda. Paa kavu. Kuta kavu. Nikampigia mama kwa video, machozi yako karibu.

"Nionyeshe sakafu. Maji yanatoka nje kupitia wapi?"

"Hayatoki, mama. Palikuwa na tundu pale kona, nikaliziba kwa saruji."

"Wee mtoto! Umeilaza barafu kwenye maji yake! Miaka yote ile hukuona gunia langu la barafu linavyochuruzika?"

"Nilikuwa naila, mama, sikuwa naichunguza."

Alicheka mpaka simu ikamtoka mkononi. Siku hiyohiyo nilizibua tundu kwa tindo. Mzee akaleta pumba kavu, wala hakunigombeza. Alisema tu, "Mama yako akija, namwajiri yeye."

Mwezi wa saba jibu la viza likaja. Amekataliwa.

Nilikwenda nikafukua. Bonge lake lilikuwepo, dogo kama mto wa kulalia. Nikampigia.

"Ligonge nisikie," akasema.

Nikaligonga kwa kidole. Akatega sikio, kama alivyokuwa akitega sokoni kabla ya kupokea mzigo wa barafu.

"Bado gumu. Lifukie, mwanangu. Nitaomba tena."

Nikalifukia vizuri. Nilishafika mlangoni, nikarudi kuangalia kama tundu liko wazi.