Pembetatu kwenye Santuri

Juzi, dukani Sumbawanga, mtu alifungua gramafoni kuukuu. Ile harufu ya vumbi na grisi ikanirudisha kwa bibi yangu.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa. Njiani mvua ilitunyeshea ndani ya lori, karatasi zenye majina zikabanduka kwenye santuri zake zote. Katika moja aliimba kaka yake, marehemu. Sindano ya gramafoni ilibaki moja tu, imechakaa, isingeweza kujaribu santuri zote.

"Santuri ya kaka ndiyo pekee iliyorekodiwa kwa umeme," bibi alisema. "Watengenezaji waliichora alama ya pembetatu ndogo karibu na katikati. Macho yangu hayaoni tena. Nitafutie, mjukuu wangu."

Nilizipangusa kwa kanga yake, nikipapasa ile sehemu laini isiyo na mistari. Mwishowe kidole changu kikakwama kwenye kovu dogo.

"Bibi, hii ina kona tatu!"

Akaiweka kwenye gramafoni, akazungusha mpini. Sindano ikakwaruza, kisha sauti ya mwanamume ikajaa chumbani, changa kuliko ya baba yangu.

Bibi akapiga magoti mbele ya gramafoni, akakutanisha viganja.

"Shikamoo, kaka," akasema.