Mlango Niliouchomelea Ufunguke kwa Ndani

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na si siku ya harusi yangu. Ni siku ya kiangazi, mchana kweupe, barabarani tukiwa tumeshaipita Kahama, nami nimepiga magoti mbele ya mlango niliouchomelea kwa mikono yangu, nausukuma kwa bega, na haufunguki. Nakusimulia kwa sababu jana ulikuja na simu yako ukanionyesha picha ya tela la kusafirishia farasi huko ng'ambo, ukaniambia, "Mzee, hili nikilipandisha ghorofa moja juu, litabeba punda kumi na wawili kwa safari moja." Ulisubiri nikusifu. Nikanywa chai yangu nikanyamaza, nawe ukaondoka umenuna. Leo kaa hapo kwenye benchi nikuambie kwa nini nilinyamaza.

Nilikuwa na umri kama wako, na kiburi kukuzidi. Nilichomelea vyuma hapa hapa Kalangalala, Geita, kwenye kibanda cha mabati, na jina langu lilikuwa limeshavuma. Lilivuma kwa milango. Wakati ule wezi walikuwa wanakata bawaba za milango ya maduka kwa msumeno, mlango unaondolewa mzima, asubuhi mwenye duka anakuta uwazi. Mimi nikaanza kuchomelea milango yenye bawaba kwa ndani, inayofunguka kwa kusukumwa ndani. Mwizi akija anakuta bati tupu, hana pa kushika wala pa kukata. Wenye maduka wakanimwagia sifa, wanunuzi wa dhahabu wakanipangia foleni, nami kichwa kikavimba. Nikaamini kwamba hakuna kitu cha chuma nisichokijua.

Mjomba wangu Maduhu ndiye aliyenilea, huko Kishapu, baada ya mama yangu kufariki. Alikuwa mfupi, mpole, mtu wa kuongea taratibu mpaka ukadhani amesahau alichotaka kusema. Alikuwa na punda sita. Usidhani punda sita ni jambo dogo kwa nchi kavu kama ile. Hao ndio waliochota maji ya nyumba yake na za majirani wawili, ndio waliobeba pamba, ndio waliompeleka mke wake, Mama Shija, zahanati siku alipozidiwa na uchungu. Mvua zilipokataa mwaka wa pili, mjomba akaamua kuhama na watu wake waje huku Geita, ambako nilikuwa nimemtafutia shamba. Mtoni ni mbali na shamba lile, na tulijua wote kwamba bila punda asingeweza kuishi pale.

Akaniambia atawaswaga kwa miguu, polepole, wakilala njiani kwa jamaa zake. Nikacheka. Nikamwambia, "Mjomba, siku hizi nani anaswaga punda? Watu watatucheka. Nakutengenezea tela."

"Tela la namna gani, ng'wanawane?" akauliza. Aliniita hivyo tangu utotoni, kwa Kisukuma chetu, mwanangu.

"Utaliona. Halijawahi kuonekana huku."

Na kweli halikuwahi kuonekana. Zamani zile, kama leo tu, mifugo ilisafiri kwenye lori la wazi, na mswagaji amesimama humo humo katikati yao na fimbo, anawatazama, akianguka mmoja anamwinua kabla wenzake hawajamkanyaga. Mimi niliona ni ushamba. Nikatengeneza sanduku la bati lililofunikwa juu, ili jua lisiwapige. Sakafu nikaweka bati laini, rahisi kuosha. Juu nikatoboa matundu ya hewa, machache, kwa mstari ulionyooka, maana niliona mengi yataharibu sura. Nafasi ya mswagaji nikaifuta kabisa, nikajisifu kwamba sasa binadamu anakaa mbele na dereva kwa heshima zake. Na nyuma nikaweka mlango wangu, ule ule wa maduka, bawaba ndani, unafunguka kwa ndani. Nilikuwa na hofu ya wezi wa punda, mwanangu, na mkono ulikuwa umeshazoea. Hata sikuwaza mara mbili.

Kulijaribu nililijaribu, usije ukadhani nilikuwa mzembe. Uzembe ningeusamehe. Nilikwenda kwenye maduara, kule wachimbaji wanakotoa mawe ya dhahabu, nikaomba viroba vya mawe, nikavipakia mpaka uzito ukafika wa punda sita na zaidi. Rafiki yangu Kulwa, dereva wa lori dogo, akalivuta tela mpaka kwenye karasha la kusagia mawe na kurudi, mashimo kwa matuta. Hakuna kiungo kilichoachia. Ekseli haikupinda. Nikashika kiuno pale mbele ya watu, nikasema kama limebeba mawe basi punda watalala usingizi humo. Watu wakapiga makofi. Mpaka leo nikiyakumbuka yale makofi najiona mpumbavu. Mawe hayaogopi. Mawe hayatoki jasho, hayavuti hewa, hayainuki kutafuta njia. Nilipima kila kitu isipokuwa mnyama.

Tukafika kwa mjomba Kishapu asubuhi. Nikaruka chini nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamwambia kwa haraka ya kijana, "Mjomba, walete tupakie punda twende."

Akanitazama. "Mfuko ndio unapakiwa," akasema. "Mnyama anapanda. Unampandisha, naye anapanda."

Nikacheka na Kulwa. Nikaona ni mambo ya Kiswahili cha wazee, cha kuokota maneno na kuyachambua kama mchele. Akaingia ndani ya tela, akagonga sakafu kwa unyayo, akateleza kidogo. Akauliza kama kuna mchanga au pumba za kumwaga. Nikasema zitachafua. Akatazama juu matundu, akatazama tena. Halafu akauliza, "Mimi nasimama wapi?"

"Wewe unakaa mbele na sisi, mjomba. Kwenye kiti."

Tukawaingiza punda kwa shida, maana hawakutaka giza lile, na walipoenea wote mlango haukufunga. Si ulikuwa unafunguka kwa ndani? Ili ufunge ilibidi uzunguke ndani, na ndani tayari kulikuwa na makalio ya punda. Tukawasukuma mbele kwa nguvu, mimi na Kulwa, mpaka wakabanana, ndipo komeo likaingia. Mjomba akasema, "Ng'wanawane, mlango wako unakula nafasi yao." Nilimsikia vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Nikamjibu kwamba wakibanana ndiyo vizuri, hawataanguka.

Angeweza kukataa. Walikuwa punda wake. Nimejiuliza miaka yote kwa nini hakukataa, na jibu ninalo ila silipendi: alinionea fahari. Nilikuwa mtoto wa dada yake aliyefanikiwa mjini, nimefika na kitu kipya mbele ya majirani wote, na hakutaka kuniaibisha. Mama Shija alikuwa amesimama pale na beseni la maji ya kuwanywesha, nikamwambia tukinywesha watachafua tela. Akamwaga yale maji kwenye mche wa mwembe.

Njiani jua lilipopanda tukasikia kishindo nyuma. Mjomba akasema, "Simamisha." Nikamwambia wanajipanga tu. Tukaenda. Kikaja kishindo kingine, na kelele ya kwato zikikwaruza bati, zikitafuta pa kushika na kukosa. Akanigusa goti, "Mpwa wangu, simamisha gari. Kuna aliyeanguka." Nikasema, "Mjomba, hawa ni punda, siyo mayai. Tukisimama kila dakika tutafika lini?" Kulwa alinitazama mimi, si yeye, kwa kuwa mimi ndiye fundi. Mara ya tatu mjomba hakusema neno. Aliweka mkono wake kwenye bati la nyuma ya kiti, akauacha hapo, na baada ya muda kelele zikapungua. Mimi nikamwambia kwa furaha, "Unaona? Wametulia."

Tulisimama kwa sababu Kulwa alitaka tikiti maji. Mama aliyekuwa anauza kando ya barabara hakutuletea tikiti. Alinyoosha kidole chini ya mlango wa tela, kwenye damu.

Nilivuta komeo nikasukuma. Mlango haukwenda. Punda wa nyuma alikuwa ameanguka, amelala akiuegemea mlango, na wengine wamemwangukia, na mlango ule hauna njia nyingine isipokuwa kwenda ndani, pale pale walipolala. Nikatafuta bawaba nizikate. Zilikuwa ndani. Nilikuwa nimezificha mimi mwenyewe, kwa ustadi, asiweze kuzifikia mtu yeyote. Tukabaki na shoka moja na msumeno wa chuma, tunapasua bati upande wa ubavu. Nilikuwa nimechagua bati nene, kwa sifa. Mjomba alipanda kwenye gurudumu, akaweka mdomo kwenye moja ya yale matundu yangu, akawa anawaita kwa mluzi ule wa kuwapeleka kisimani, na wao wanaitika humo ndani. Mwanzoni waliitika wengi. Halafu wachache. Alipiga mluzi hadi midomo ikakauka, na tulipopata uwazi wa kutosha kuingia mtu, alikuwa anaitika mmoja tu.

Watu walikuwa wamejaa. Mimi nimesimama na shoka mkononi, nalia kama mtoto. Mjomba akashuka kwenye gurudumu taratibu, akapangusa mikono kwenye suruali. Hakunipiga. Hakunitukana. Akaniambia kwa sauti yake ile ile ya upole, "Ulipakia, ng'wanawane. Haya, pakua."

Nikapakua. Watano, mmoja mmoja, kwa kamba, kama viroba.

Huyo mmoja aliyebaki aliitwa Kajanja. Aliishi miaka mingi tu, lakini hakukubali tena kuingia chini ya paa lolote. Mvua ikinyesha, zizi liko wazi, yeye amesimama nje analowa. Na punda mmoja hawezi kazi ya sita. Mama Shija akaanza kubeba maji kichwani, kwenda na kurudi mtoni, yeye aliyekuwa amezoea kutembea nyuma ya punda akiimba. Mgongo wake ukaharibika kabla ya uzee. Nilijitolea kubeba, nikabeba, lakini nilikuwa na kazi mjini wiki nzima, na kiu haingoji Jumapili. Mpaka anafariki alinikaribisha chakula kwa uso mkunjufu, na kila nikinawa mikono kwa maji ya nyumba ile nilijua yamefikaje hapo. Mjomba hakuniita tena ng'wanawane. Aliniita fundi. Watu walidhani ananiheshimu.

Sasa njoo kwenye picha yako. Nimeitazama vizuri kuliko unavyodhani, ingawa macho haya yameshaungua na moto wa kuchomelea. Yule farasi yuko peke yake kwenye chumba chake, ana dirisha lake, chini amewekewa mpira asiteleze, mlango mzima wa nyuma unalala chini ukawa ngazi, na ubavuni kuna mlango mdogo wa mtu. Wewe umeona ghorofa. Haikuwepo kwenye picha, umeiongeza wewe, na ili ipatikane umeondoa dirisha, umeondoa mlango mdogo, umeondoa vyumba. Tena yule anasafiri kwenye lami kama meza. Wako watapita kwenye njia za machimbo, na wa ghorofa ya juu watakuwa juu ya vichwa vya wenzao kwenye kila kona, tela limezidi kimo. Akianguka wa juu, utamwinua vipi? Ukiwa na jibu niambie. Mimi sina, na nimelitafuta muda mrefu kuliko umri wako.

Sikukatazi kutengeneza. Lori la wazi nalo linaua, jua linawachoma, wanavunjika miguu, na ningefurahi mtu akipata njia bora. Ila ukimaliza usilipeleke machimboni kupakia mawe. Ingia wewe. Piga magoti na viganja chini humo ndani, uwaambie wenzako wafunge mlango saa sita mchana, wakuvute kutoka hapa Kalangalala kwenye barabara mbovu kuliko zote unazozijua, na wasisimame mpaka ugonge. Ukitoka unahema, rudi ukatoboe dirisha. Ukiteleza, ondoa lile bati. Ukigonga na dereva asisikie, basi tengeneza mahali pa mtu kusimama nao. Na mwenye mnyama akikwambia simamisha, simamisha, hata kama wewe ndiye fundi na yeye hajui kuandika jina lake. Usingoje akuambie mara ya tatu. Mara ya tatu hatakuambia.

Haya, nenda. Chai imepoa na nimesema mengi. Mungu akupe macho marefu kuliko yangu na mkono usio na haraka. Awajalie uhai wote watakaopanda kwenye kazi yako, wa miguu miwili na wa minne. Uzeeke ukiitwa kwa jina ulilopewa na waliokupenda. Na kila mlango utakaouchomelea, mwanangu, ufunguke kwa nje.