Kupiga Besi Bila Kiuno

Mimi siwezi kupiga besi bila kiuno. Watu wanadhani ni mbwembwe, lakini ndivyo nilivyoumbwa, au tuseme ndivyo nilivyoharibika. Shule niliiacha kidato cha pili, na kilichonitoa mbio hasa ni hesabu. Kiongozi wa bendi yetu ni mwalimu kweli, mchana anafundisha shule ya msingi, jioni anapiga kinanda, na sote tunamwita Mwalimu. Alijaribu kunifundisha kuhesabu moja, mbili, tatu, nne huku napiga. Nikifika tatu naanza kujiuliza nne itakuja lini, na ikija inanikuta niko mbali. Siku moja nikachoka, nikakiacha kiuno kiende chenyewe, kushoto, kulia, na besi ikakaa pale pale inapotakiwa.

Mwalimu akaacha kinanda akaniangalia. "Basi," akasema, "endelea hivyo hivyo. Kichwa kipumzishe."

Tangu siku hiyo kichwa changu kimepumzika.

Bendi yetu ni ya watu wenye kazi nyingine. Mpiga dramu ni bodaboda wa Kashai, hapa mjini Bukoba. Mimi, pale pale Kashai, navisha makochi vitambaa. Tunapiga kwenye harusi, kipaimara, sherehe za kuaga mabinti, na popote ambapo mwenye shughuli amekosa DJ. Sisi si maarufu. Kuna mtu aliwahi kutuita kwa makosa akidhani ni bendi nyingine, akatusikiliza, akasema si neno, maadamu mmeshafika.

Kipindi ninachokisimulia nilikuwa nachumbia. Binti ni wa Muleba, baba yake alishafariki, kwa hiyo mwenye neno nyumbani kwao ni mama. Mshenga wangu alikuwa mzee seremala anayenichongea fremu za makochi. Alishakwenda mara mbili kunisemea. Mara ya pili alirudi na jibu la mama: anafikiria, na neno lake atalitoa sherehe za ukoo zikiisha.

"Zikiisha lini, tata?" nikamuuliza, maana kwetu mzee kama yule unamwita baba.

"Zikiisha," akasema. "Wewe kaa kwa adabu."

Sasa hapo kwenye adabu ndipo pana shughuli. Kwetu Uhayani mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukwepana. Humtazami usoni, huli mbele yake, ukimwona anakuja njiani unaingia kwenye migomba mpaka apite. Kucheza mbele yake ndiyo usitaje kabisa. Vijana wa siku hizi wengi wameshaziacha hizo, wanapiga na picha pamoja. Lakini huyu mama mkwe wangu alikuwa Mluteri asiyekosa ibada, na kwenye mambo ya ukwe akawa Mhaya wa kabla mmisionari hajashuka kwenye boti. Mchumba wa kwanza wa dada mkubwa wa binti alirudishwa kwao kwa sababu mama alimkuta barabarani anatafuna muhindi wa kuchoma. Hakukimbia, alisalimia na muhindi mdomoni. Habari yake ikaishia hapo.

Kwa hiyo wiki ile mchumba wangu aliponipigia simu, nilijua kuna jambo kabla hajamaliza salamu.

"Jumamosi mnapiga Muleba?"

"Ndiyo. Kuna binti anaagwa. Umejuaje?"

"Anayeagwa ni mtoto wa mama mdogo."

Nikaiweka nyundo chini.

"Mama anakuja," akasema. "Yeye ndiye mama mkubwa wa bibi harusi, atakaa mbele kabisa."

"Mimi Jumamosi nitaumwa."

"Utaumwa nini?"

"Chochote kitakachopatikana."

"Usiumwe," akasema. "Ameshaambiwa unapiga muziki. Anataka kuona ni mtu wa namna gani. Ukikosa atasema unajificha. Wewe piga tu, ila usicheze."

Piga tu, ila usicheze. Alivyosema utadhani ni kuniambia nivae shati jingine.

Nikaenda kwa Mwalimu kuomba ruhusa. Akasema mpiga besi mwingine anayemjua yuko kisiwani Goziba kwenye samaki, na boti ya kurudi ni ya kubahatisha. Basi nikaamua kujifunza upya. Kila jioni nikawa nasimama chumbani kwangu, mgongo ukutani, visigino vimegusa ukuta, napiga bila kutikisika. Mpangaji wa chumba cha pili akaja kuniuliza kama redio yangu imeharibika. Mazoezini ikawa mbaya zaidi. Kila nikisimama wima, besi inakwenda kama mtu anayeshuka ngazi gizani, anatafuta ngazi ambayo haipo.

"We Besi, vipi?" mpiga dramu akasema. "Unapiga kama unasubiri sindano."

Nikawaeleza. Walicheka mpaka Mwalimu akafuta miwani. Alipomaliza kuifuta hakuwa anacheka tena. "Sasa tutafanyaje?" akasema, na mimi nilitegemea yeye ndiye atanijibu.

Tukakubaliana nitasimama nyuma ya spika. Spika zetu ni kubwa, zimepangwa mbili mbili, mtu mwembamba anaenea. Nitapiga, kiuno kitafanya kazi yake, na mbele hakuna atakayekiona. Wazo lilikuwa langu, na nililipenda sana, jambo ambalo lingetosha kunitia wasiwasi.

Jumamosi tukapakia vyombo. Njia nzima kutoka Bukoba nilikuwa nahesabu makosa yatakayotokea, hiyo ndiyo hesabu pekee ninayoiweza. Tulipofika tulikuta maturubai yamefungwa uwanjani, kati ya nyumba na mibuni, jenereta linanguruma nyuma ya jiko, na jukwaa la mbao likiangalia moja kwa moja viti vya akina mama. Nikavuta waya wangu mpaka nyuma ya spika. Ukafika, kwa shida. Nikisogea hatua moja zaidi unachomoka, na ukichomoka unapiga mlio unaofukuza kuku.

Mama akaingia na wenzake wakati watu wanakula. Nilimjua kwa gauni, mchumba wangu alishaniambia: bluu, na kitambaa cha kichwa cheupe. Akakaa mbele. Nikavuta kichwa nyuma ya spika kama kobe. Sikula. Waliniletea sahani ya ndizi na samaki, harufu yake naikumbuka mpaka leo, nikaiweka chini kwa sababu huenda kulikuwa na upenyo nisioujua, akaniona nikila.

Tukaanza kupiga. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri mno. Nikakiacha kiuno huru, besi ikakaa, nikaanza hata kutabasamu peke yangu kule nyuma. Tatizo moja tu: kutoka pale nilikuwa siwaoni wenzangu. Bendi yetu haina mwisho wa wimbo ulioandikwa. Mwalimu akitaka tukate anainua mkono wa kushoto, na sisi tunakata. Kwa miaka yote nimekuwa nikiutazama mkono ule bila kujua kwamba nautazama. Siku ile nyimbo mbili za kwanza nilisalimika kwa sababu ziliisha taratibu, nikasikia wenzangu wanapungua na mimi nikapungua.

Wimbo wa tatu ulikuwa wa zawadi. MC akauita upande wa mama wa binti waje na vyao. Akina mama, kama nilivyosimuliwa baadaye, walikuwa wameshaondoka vitini; wakatokea nyuma ya nyumba wamepanga mstari, wanakuja kwa kucheza, kama inavyotakiwa, mmoja na godoro, mwingine na mkeka, mwingine na sufuria. Walipofika katikati ya uwanja MC akataka kutangaza kitu, akamwashiria Mwalimu. Mwalimu akainua mkono. Kinanda kikakata, dramu zikakata, mwimbaji akanyamaza.

Mimi nikaendelea.

Sikujua. Nilidhani wenzangu wamepunguza sauti. Nikapiga besi peke yangu katikati ya kimya cha ukoo mzima, bum, bum-bum, bum, na kwa raha, Mungu anisamehe. Nilishtuka niliposikia vicheko.

"Jamani," MC akasema kwenye maiki, "nyuma ya spika kuna mtu amebaki. Nani kamsahau?"

Nikataka kuacha. Lakini akina mama walikuwa hawajaacha kucheza. Mmoja wao akaanzisha wimbo juu ya ile besi yangu, wengine wakaitikia, mstari ukaanza tena kusogea. Mwalimu akainamia upande wangu. "Usikate," akasema amebana meno. "Wako njiani. Ukikata utawaaibisha."

MC naye, ambaye hakuna aliyemwomba, akazunguka nyuma ya spika akanishika kiwiko. "Njoo uonekane bwana, unaficha nini?" Akanivuta. Nilimfuata kwa sababu ningevutana naye kurudi nyuma waya ungechomoka. Nikatokea hadharani na besi shingoni, mbele ya watu wote, na wa kwanza kwenye mstari alikuwa gauni la bluu.

Alikuwa na kapu la zawadi kichwani, mikono yote miwili ameiachia, mabega yanakwenda. Anacheza vizuri yule mama, lazima niseme. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikukiwaza wiki nzima: hata yeye hakupaswa kuonwa na mimi akicheza. Macho yetu yalikutana muda wa kufumba na kufumbua. Kapu likayumba.

Nikageuka. Nikawapa mgongo wote, nikakodolea macho turubai la nyuma ya jukwaa, nikaendelea kupiga. Nilijisifu kwa hiyo akili kama pumzi mbili hivi. Halafu nikakumbuka kiuno kiko upande gani.

Uso nilikuwa nimeuficha, na kiuno nimemwachia yeye.

Nikakikaza. Papo hapo besi ikaanza kutafuta ngazi. Nyuma yangu nikasikia nyimbo za akina mama zinasita, miguu inapishana, mtu anasema "eeh" kwa Kihaya. Nikawaza lile kapu. Likianguka kwa sababu yangu, binti nimemkosa. Nikicheza, nimemkosa. Nilisimama nikiangalia mshono wa turubai, ulikuwa wa uzi mweusi, umeshonwa vibaya, mimi ningeushona vizuri zaidi, na nikawa naona posa yangu inarudi kama ya yule wa muhindi.

Nikakiachia kiuno. Sijui niliamua au chenyewe kiliamua. Kushoto, kulia. Besi ikatulia, nyimbo zikapanda, mpiga dramu akaingia taratibu na mimi, halafu kinanda. Sikugeuka. Nilipiga wimbo wote nikiangalia turubai, mpaka Mwalimu alipokuja kunigusa bega na kuniambia wameshakaa.

Kurudi Bukoba wenzangu walinitania mpaka Kemondo. "Leo mama mkwe amekujua kwa kina," mpiga dramu akasema. Nilicheka nao.

Siku zilizofuata sikufanya kazi ya maana. Kuna kochi la mteja nililivisha kitambaa kichwa chini miguu juu, maua yote yakawa yanaangalia sakafu. Mchumba wangu kwenye simu alisema mama hajasema kitu. Nikamuuliza hajasema kwa kununa au hajasema kwa kawaida. Akasema kwa mama yake hizo mbili zinafanana.

Hatimaye mshenga akapita kwangu asubuhi, akitokea Muleba. Nikamsalimia, nikampa kiti, nikampa chai. Akaongea habari za mvua. Akaongea habari za kahawa. Akalitazama lile kochi la maua yaliyoinama, akalizunguka, akarudi kukaa. Mimi chai yangu nikaiweka chini bila kuionja.

"Nimeonana na mama," akasema.

"Ndiyo, waitu," nikaitikia kwa heshima.

"Amesema kwenye sherehe hakukuona."

"Hakuniona?"

"Hakukuona." Akanywa chai. "Na amesema anavyofahamu yeye, na wewe hukumwona."

Nikamwangalia mzee. Uso wake ulikuwa mkavu kama mbao.

"Mimi sikumwona mtu, tata," nikasema. "Mimi niliona turubai."

"Ndivyo nilivyomwambia." Akaweka kikombe. "Basi tafuta pombe ya rubisi nzuri, ya ndizi zilizoiva sawasawa, tuipeleke. Na amenituma swali. Anauliza yule mtu wa besi ambaye hakumwona, je, anaweza kupigia na kwaya yao?"

Tulioana. Siku ya harusi yetu bendi ilipiga, na yule mpiga besi wa Goziba alipata boti. Anapiga kwa kuhesabu, midomo inamchezacheza, kiuno kimya kabisa. Mimi nilikuwa meza kuu, suti ya kuazima, mbele ya watu wote, na ulipofika wakati wa zawadi mama mkwe akatangulia mstari. Nikakazia macho chupa ya soda. Nilisoma maandishi yake yote, na tarehe ya kuisha muda. Lakini chini ya kitambaa cha meza mguu ulikuwa umeshaanza, na juu ya meza glasi nazo zikaanza kulia.

Mke wangu, bila kugeuza kichwa wala kuondoa tabasamu la picha, akanikanyaga. Akauacha mguu wake juu ya wangu mpaka mama alipokaa.