Mtu wa Kupanga Maongezi

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu Chela, ambayo ningelipa ng'ombe mzima niisahau. Umeniambia grupu yenu ya simu imejaa watu na mnatafuta maadmini wa kujitolea. Basi, miaka ile ya tisini grupu yetu ilikuwa benchi la kituo cha kuuzia majani ya chai, huku upande wa Kimulot. Lori la kiwanda kutoka Mogogosiek likikwama kwenye matope, tulingoja na vikapu vyetu, na watu wote wakaongea kwa pamoja mpaka ng'ombe wa majirani wakakataa kutoa maziwa.

Tukakubaliana awepo mtu wa kupanga maongezi: nani aseme, nani angoje, nani aambiwe inatosha. Nikapewa mimi kazi ya kumteua, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza ngumbaru, yale masomo ya watu wazima, na nilitembea kama mtu aliyemeza kamusi pamoja na jalada lake.

Kiprono aliinua mkono kabla sijamaliza kuuliza. Mcheshi, na sauti yake ilifika Silibwet bila redio. Palikuwa pia na mama mzee tuliyemwita Kogo, yaani nyanya. Yeye hakuinua mkono. Alikuwa ameinamia kikapu cha mtu mwingine, akilegeza majani yaliyoshindiliwa ili yasipate joto yakawa mekundu. Alifanya hivyo kila siku, na wenye vikapu wala hawakujua. Mimi nilimwona. Nikamchagua Kiprono.

Wiki mbili tulicheka sana. Kisha Mama Moraa, jirani yetu aliyehamia kutoka nyanda za magharibi, akasimama na kusema kwa lafudhi nzito ya kwao.

“Jamani, mimi nimefika hapa saa sita. Mbona kila siku mnaniruka kwenye laini ya kupima majani?”

“Mama, kwanza nenda ukanunue Kiswahili, halafu urudi!” Kiprono akamjibu.

Benchi zima likaangua kicheko. Na mimi, mwanangu, nilicheka. Ulipozaliwa, Mama Moraa ndiye aliyemletea mama yako uji kila asubuhi hadi akapata nguvu.

Akajitwika kikapu, akanitazama. “Baba Chela, uji wangu ulikuwa na Kiswahili gani?” Akaenda zake.

Kogo hakuinua hata kichwa. “Kijana, huyo uliyemchagua, umewahi kumwona akingoja mtu amalize kusema?”

Sikuwahi.

Tangu siku hiyo Mama Moraa alipeleka majani yake kituo kingine, vilima viwili mbele, ingawa mgongo wake ulikuwa ukimsumbua. Msamaha wangu ulikuwa tayari, wa Kiswahili sanifu kabisa. Kila asubuhi nikasema nitaupeleka kesho. Asubuhi moja nikakuta ng'ombe wa watu wengine uani kwake. Mama Moraa na jamaa zake walikuwa wameuza shamba na kuhama, na hakuna aliyejua walikoelekea.

Kwa hivyo, mwanangu, usianze na anayeinua mkono kwanza. Rudi nyuma usome maongezi yenu. Nani humjibu yule ambaye wote wamempita? Nani hufuta utani wake akiona umemuumiza mtu? Huyo mwombe, hata akikuambia hana muda. Na ukikosea kuchagua, mwondoe siku hiyo hiyo, kisha umfuate aliyeumizwa kabla hajahama.

Mungu akupe masikio makubwa kuliko simu yako, na asikuache uzeeke na msamaha usio na pa kuupeleka.