Aliyejibu Habari za Jioni

Ile televisheni yetu ya zamani, ya chogo, ilikuwa nzima kabisa. Tuliibadilisha kwa sababu ya marehemu mama mkwe, ila dukani hatukulisema hilo. Tuligombana tu mbele ya muuzaji: mume wangu akang'ang'ania kubwa, mimi ndogo, maana sebule yetu ya hapa Bigwa si ukumbi wa harusi. Akashinda yeye, kama kawaida.

Mama mkwe alikuwa Mluguru wa Mgeta, kule milimani, na kwake salamu haiachwi bila jibu. Kila msomaji wa taarifa ya habari alipotusalimu, yeye alimjibu pale pale mkekani: “Njema, mwanangu, karibu ndani.” Tulikuwa tukicheka. Tangu tulipomzika, salamu hiyo ikikaribia, mume wangu alikuwa anazima.

Jioni ya kwanza ya televisheni mpya tuliketi wima kama wageni. Msomaji akasema, “Habari za jioni.” Mume wangu hakuzima. Kisha nikasikia, kwa lafudhi ile ile ya milimani: “Njema, mwanangu, karibu ndani.”

Mimi nimezaliwa Bukoba. Lafudhi hiyo sijawahi kuwa nayo. Lakini mume wangu alikuwa anautazama mdomo wangu.