Bi Harusi Aliyefungiwa Ndani ya Deki

Jumamosi moja ya huko Mbale haijanitoka moyoni hadi leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka kwanza, kisha naona haya. Kaa nikusimulie, maana nawe watu wameanza kukuita fundi, na jina hilo ni tamu kama muwa: usipoangalia linakukata mdomo.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kwisha. Mimi nilikuwa kijana wa Wanyange, nje kidogo ya Jinja. Shule niliiachia sekondari mwaka wa pili, lakini ndoto nilizokuwa nazo zisingeenea kwenye lori. Nilitengeneza redio na televisheni katika duka la Mhindi mmoja mjini, na kompyuta nilijifunza kwa kufungua zile zilizotupwa na maofisi. Mbili niliziunguza. Ya tatu ikawaka. Penye nia pana njia, ingawa wakati mwingine njia yenyewe inanuka moshi.

Sasa Mbale kulikuwa na Afande Mafabi, askari magereza mstaafu, aliyewahi kukaa kambi moja na baba yangu. Binti yake Nambozo aliolewa Ulaya, na wazazi hawakuweza kwenda. Akawatumia harusi yake kwenye sidii. Deki ya video waliyokuwa nayo ilikuwa ya kanda, tena ilishakufa. Afande akanipigia simu dukani.

"Kijana, iko njia ya kuona huyu mtoto kwa TV yangu? Lakini sitaki ile kompyuta kubwa kama kabati. Mama hapa atanifukuza pamoja nayo."

"Afande," nikamwambia, "niletee hiyo deki iliyokufa."

Nikaitoa matumbo yote, nikabakiza ganda. Ndani nikapanga ubao mdogo wa kompyuta, kisomeo cha sidii, feni, na kadi ya kupeleka picha kwenye televisheni. Wiki tatu nilikuwa napima, nakata bati, napima tena, kwa sababu kila kitu kilitaka kuingia na hakuna kilichotaka kumpisha mwenzake, kama watu kwenye foleni ya sukari. Lakini nilipofunga kifuniko, ungeapa kwamba ni deki tu.

Nilipoifikisha Mbale walinipokea kwa salamu yao, "Mulembe! Mulembe!" Mama Nambozo, mkewe Afande, alikuwa tayari na kitambaa cheupe cha kufuma.

"Mama, usiifunike, itakosa hewa."

"Kitu uchi kwa sebule yangu? Hata redio hapa inavaa!"

Tukapatana: ikilala ivalishwe, ikifanya kazi ivuliwe.

Hapo ndipo ujanja wangu ulipoingia, mwanangu. Nilijua namna ya kuifanya iwake yenyewe na kuonyesha picha. Nilijua kabisa. Badala yake nikaiwekea neno la siri, na baada ya neno hilo hatua tano za kubonyeza kwenye kibodi, nikawapa watu mgongo wasione vidole vyangu. Nambozo alipotokea kwenye TV na shela lake, sebule ililipuka. Majirani wakaniita profesa. Nikachinjiwa kuku, nikapewa na malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa mchuzi wa karanga. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi siku hiyo nilimimina ndoo nzima.

Mama Nambozo akasogea, akaniambia taratibu, "Nifundishe na mimi."

"Ni ngumu, Mama. Usijisumbue, nitakuwa nakuja mwenyewe."

Nikawa nakwenda kila baada ya Jumamosi mbili. Nafika, nakunja mikono ya shati kama daktari, nabonyeza, nasifiwa, nakula. Kisha ikaja zamu moja nikaiacha ipite, kwa kuwa kijiji cha Budondo, upande wetu wa Jinja, walikuwepo wengine waliotaka kunisifu. Jumamosi iliyofuata nikaenda Mbale na njaa yangu. Hakuna aliyepiga kelele za furaha. Mama Nambozo alikuwa ameketi mbele ya TV, mikono mapajani, na TV inadai neno la siri.

"Kukhu alikuja," akasema. Kukhu ni bibi kwa lugha yao. Huyo alikuwa mama yake Afande, naye ndiye aliyemlea Nambozo huko juu mlimani. "Ameshuka kwa miguu mpaka barabarani. Amekaa hapa siku tatu. Kila asubuhi anavaa gomesi ya kanisa, anakaa kwa kiti hicho, anauliza, 'Fundi amefika?' Jana amerudi kwake."

"Tumejaribu maneno yote," Afande akadakia. "Hata jina la Mungu tumeandika. Imekataa."

Neno lenyewe, Mola anisamehe, lilikuwa jina langu la ubatizo.

Mama akanitazama. Hakupaza sauti; angepaza, ningepata pa kujitetea.

"Wewe mtoto. Umefungia binti yangu ndani ya hiyo kitu, ufunguo umeweka kwa mfuko yako. Mimi ndiye nimezaa huyu. Leo kumwona, lazima niombe ruhusa kwako?"

Siku hiyo sikugusa chakula. Nililifuta lile neno. Nikapanga mambo upya mpaka kile kitufe cha kuwashia cha deki ya zamani, hicho kimoja tu, kikawa kinaiamsha mashine na kuanzisha picha. Ilipofika saa ya chai nikamwita Mama abonyeze. Feni ikavuma, ikachukua muda wake, kisha Nambozo huyo, na shela lake. Mama akazima. Akawasha. Akazima tena, akawasha, anacheka kama msichana. Nikarudi Jinja na kibodi kwapani, kwa sababu nyumba ile haikuwa na haja nayo tena.

Baada ya majuma mawili Afande akapiga simu.

"Kukhu ameshuka tena! Mama amebonyeza mwenyewe. Kukhu ameangalia harusi mara nne, kila mara anapiga vigelegele, na anauliza kwa nini huyo bwana harusi ni mwembamba hivyo, huko Ulaya hawapiki? Sasa wewe Jumamosi usikuje, hatuna kazi yako." Akacheka sana. "Kuja Krismasi. Kuja kula tu."

Nikaweka simu chini. Uso wa yule bibi sikuuona, na vigelegele vyake sikuvisikia. Alimwona mjukuu wake nami nikiwa Jinja, nimeinamia redio ya mtu mwingine. Katika kazi zote za maisha yangu, hakuna iliyokuwa bora kuliko hiyo.

Basi, mwanangu, shika hili. Kabla hujafunga kifuniko, mwite yule atakayeishi na hicho kitu, umwachie abonyeze, nawe usimame mlangoni na mikono nyuma. Kikimkataa yeye, kazi haijaisha, hata kama wewe kinakutii. Usimfiche mtu ujuzi ili akuhitaji. Anayekuhitaji kwa lazima siku moja atakuchoka. Tenda wema nenda zako, wahenga walisema, na hiyo ya kwenda zako ndiyo ngumu.

Mungu aibariki mikono yako. Vyote utakavyovitengeneza viwake hata ukiwa mbali, na wenye navyo wacheke mpaka wasahau kukushukuru. Amina.