Sahani ya Makocha Wawili

Ulikuwa mwaka wa mafuriko; hapana, nasema uongo, ni ule uliofuata, nikiwa mpishi wa shule ya sekondari. Palikuwa na msichana aliyecheza ndondi na mpira wa mikono. Kocha wa ndondi alimtaka apungue, wa mpira alimtaka aongeze mwili. Kila akipanda mizani kupima uzito alivua viatu, hereni, hata kibanio cha nywele, kisha akatoa pumzi yote. Wenzake wakacheka: “Dada, bakiza ya kuteremkia!” Naye akainama kwa aibu. Siku moja akaja dirishani kwangu na sahani, akanong'ona, “Babu, leo nile ya kocha yupi?” Nikaona haya kwa niaba ya watu wazima wote. Niliwauliza makocha wale: mtoto huyu atakula lini kwa njaa yake mwenyewe?